Chupa Isiyolingana na Fomu

4 Februari 1986

Mwalimu wangu,

Natumaini hujambo huko shuleni kwenu, na kidato cha pili bado hawajakutoa roho. Mimi nipo. Kikohozi nacho kipo, tumeshazoeana, tunalala kitanda kimoja. Wauza nyama wa soko kuu wanashangilia kwa sababu wiki ya pili hii sijakagua mizani hata moja. Mawe ya kilo ishirini yananishinda kunyanyua, na mkaguzi wa mizani asiyeweza kubeba mawe yake ni sawa na padri aliyepoteza sauti.

Leo nimeitwa na daktari wa kifua, picha ya eksirei imetoka. Ameitundika kwenye kile kisanduku chao cha taa akanionyesha kivuli, katikati kabisa, nyuma ya mfupa wa kifua, kinene kama jiwe la kilo moja. Nikamwambia, daktari, jiwe hilo halina muhuri wangu, lisitumike. Hakucheka. Anasema hizo ni tezi zimevimba, ila kwa nini zimevimba picha haisemi. Huenda ni kifua kikuu, huenda ni kile kitu kingine. Lazima aingie achukue kipande.

Nikueleze alivyonieleza, maana najua utauliza. Nitatiwa usingizi. Atanichana hapa chini ya koo, kwenye kile kishimo, upana wa vidole viwili. Anatanguliza kidole chake, anafungua njia nyuma ya mfupa, mbele ya bomba la hewa, halafu anapitisha mrija wa chuma wenye taa. Anachungulia, anachuma vipande kama punje za mahindi, anashona. Siku ya pili au ya tatu narudi nyumbani. Nikauliza hatari ni nini. Akasema huko ndani mishipa mikubwa ya damu imepita kila upande, kwa hiyo atakayetoka jasho ni yeye, mimi nitakuwa nakoroma.

Sasa, mwenzangu, kinachonitisha si kisu. Vipande vinatiwa chupani, vinapelekwa kwa treni hadi maabara kuu. Na maabara kuu ni nani? Ni Dada. Chupa zote zinapitia mezani kwake. Yeye ndiye anayezifungua, anayeandika daftarini, anayeigandisha nyama kwenye nta na kuikata. Ataliona jina langu kabla sijatoka wodini. Na Dada unamjua, hana kifua cha kuweka siri. Atafika nyumbani, Mama atamtazama usoni mara moja, basi, limemwagika. Baba alipasuliwa kifua Jumatatu, Jumatano tukamzika, na tangu hapo Mama anaishi na moyo wa kuazima. Daktari wake alisema mshtuko mmoja tu. Siwezi kumuua mama yangu kwa ajili ya kivuli ambacho hata hakijulikani ni kitu gani.

Nifanyeje? Nipe akili, wewe ndiye mwenye cheti.

Wako,
Ratili

*

11 Februari 1986

Ratili,

Barua yako nimeisomea kwenye choo cha walimu ili nilie nimalize, kisha nikaingia darasani nikafundisha hesabu za sehemu kwa dakika themanini. Mkuu wa shule amekataa katakata kunipa ruhusa kabla ya muhula kwisha. Nimemwambia ni mume wangu, akaniambia kila mwalimu hapa ana mume.

Kuhusu dada yako nimewaza sana. Hospitali hawadai kitambulisho, wanaandika unachosema. Basi jiandikishe kwa jina la marehemu baba yangu, majina yote matatu. Dada yako hakuwahi kulijua. Kwake yeye baba alikuwa "mkwe wa Ratili" tu. Umri uache wako. Daktari mwenyewe mwambie ukweli, asije akachanganyikiwa. Jibu likija zuri tutacheka. Likija baya, utapanda treni ukamwambie Mama umekaa mbele yake, umemshika mkono, si aambiwe na uso wa mtu.

Sikufichi, silipendi jambo hili. Mimi huwapa watoto adhabu kwa kuandika jina la mwenzao kwenye karatasi ya mtihani. Lakini nikimfikiria Mama sioni njia nyingine.

Usiruke dawa. Na uache kuwachekesha madaktari, waache wafanye kazi.

Mkeo,
Mwalimu

*

26 Februari 1986

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu na umwambie mwanawe anakula mpaka anaona aibu. Kwa kazi yangu kunenepa si vizuri, watu watadhani nakula rushwa ya nyama.

Mwandiko wangu umepinda, usinicheke, naandikia kitandani kwa uvivu tu. Kazi nzuri, nyumba nzuri, Mwalimu yupo shuleni kwake. Kama kuna mtu atakuambia ameniona na bandeji shingoni, ni jipu, nalo limeshapasuka. Ni jipu la kawaida kabisa.

Mama anakunywa vidonge vyake? Huwa anavificha chini ya ulimi, umwangalie.

Mdogo wako,
Ratili

*

10 Machi 1986

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amesomewa barua yako mara mbili na amesema ina maneno machache kama tangazo la serikali. Anataka kujua jipu lilikuwa upande gani. Usiniulize kwa nini, mjibu tu. Vidonge anakunywa, simwachi mpaka afungue mdomo. Juzi ameniambia mimi ni askari magereza.

Huku kazini ni yale yale. Tuna simu moja, iko kwa mkubwa wetu, ameitia kufuli, kwa hiyo kila kitu ni barua. Ijumaa nimekataa chupa moja kutoka hospitali ya huko huko kwenu. Fomu inataja mzee mwenye majina matatu marefu, chupa imebandikwa jina moja tu, na jina lenyewe, ungecheka, ni lako, lile la kuzaliwa, si hili la Ratili. Na umri ni wako, arobaini na moja. Nikamwambia msaidizi wangu, huyu akiwa ni mdogo wangu nitamchapa viboko. Bahati nzuri jina lako ukiliita sokoni wanageuka watu kumi.

Basi nimeiweka kwenye rafu ya yatima, ndivyo tunavyoiita, nikamwandikia daktari aliyeituma aseme chupa ni ya nani. Mpaka ajibu, haisomwi. Kuna wanaosema nina roho ngumu. Lakini mwaka juzi hapa tulisoma chupa ya huyu tukampa jibu yule, na mama wa watu akakatwa titi lililokuwa zima. Nilimwona alipokuja kuuliza. Tangu siku hiyo chupa isiyolingana na fomu siigusi, hata ije na waziri.

Kula, lakini uache na nafasi ya kupumua. Tuandikie kirefu.

Dada yako

*

20 Machi 1986

Mwalimu wangu,

Barua ya Dada imefika jana, naiweka humu ndani uisome mwenyewe. Umeona? Chupa iliyokataliwa ni yangu.

Nimekwenda leo hospitali kuuliza ilikuwaje. Kumbe ni yule muuguzi wa chumba cha upasuaji. Zamani alikuwa wodi ya wazazi, na kila miezi sita nilikuwa nakwenda kwake kukagua mizani ya kupimia watoto wachanga, kwa hiyo ananijua, ila kwa jina langu la kwanza tu. Alipoiona lebo ina jina la mzee asiyemjua, akasema karani amekosea tena, akaibandua akaandika jina analolijua yeye. Amenisimulia kwa furaha, anangoja nimshukuru. Nikamshukuru. Ningefanyaje?

Sasa daktari wa kifua, ambaye ndiye peke yake anayeijua siri yetu, amekwenda masomoni mpaka karibu na mwisho wa Aprili. Barua ya Dada ipo mezani kwake haijafunguliwa. Nimeiona kupitia dirishani, mwandiko wa Dada naujua hata ungeandikwa gizani. Aliyeshika nafasi yake ananiambia nisubiri mkubwa arudi.

Nami nimeona nisubiri. Nikimwandikia Dada leo, Mama atajua kesho, na bado hatujui hata kama ni ugonjwa wa maana. Daktari akirudi ataandika mistari miwili, wataisoma, tutakuwa tumelimaliza kimya kimya. Sijisikii vibaya sana. Kidonda cha shingoni kimekauka vizuri, kovu lenyewe dogo, unaweza kulifunika kwa kidole.

Ratili

*

29 Machi 1986

Ratili,

Mwandikie dada yako. Leo hii, ukimaliza kusoma barua hii, kabla hujala.

Jina lilikuwa wazo langu na nimelijutia. Lilikuwa la kumficha Mama wiki mbili tatu, halikuwa la kukufungia wewe rafuni. "Sijisikii vibaya sana" ni maneno yako ya siku zote, hata ulipovunjika mguu uliyasema. Nijibu kwa neno moja kwamba umeandika. Nisipolipata nitamwandikia mimi.

Mwalimu

*

6 Aprili 1986

Mwalimu wangu,

Nimemwandikia. Tulia sasa, ufundishe.

Ratili

*

14 Aprili 1986

Dada yangu,

Shikamoo. Kaa kwanza. Barua hii nimeituma kazini kwako makusudi, usiende nayo nyumbani.

Chupa ile uliyoikataa ni yangu. Jina la kwenye fomu ni la marehemu baba mkwe, la kwenye chupa ni langu, na yote mawili ni mimi. Sikuwa na jipu. Nilichanwa chini ya koo tarehe ishirini na nne Februari, wakachukua vipande vya tezi zilizovimba ndani ya kifua. Nilijiandikisha kwa jina jingine ili wewe usilione langu, kwa sababu ukijua wewe Mama amejua. Usikasirike. Au kasirika, lakini isome chupa kwanza.

Nilijua tangu uliponiandikia Machi. Wiki tatu na siku tano nimekaa nayo. Kila asubuhi nilikuwa nasema kesho, na Mwalimu nimemdanganya kwamba nimeshakuandikia. Leo nimeshindwa kufunga kifungo cha juu cha shati. Nikachukua jingine, nalo vilevile. Nikajitazama kwenye kioo, uso umevimba, macho kama ya mtu aliyelia, na mishipa ya shingo imesimama. Nalala nimekaa kwenye kiti, nikilala chali pumzi inakatika. Hapo ndipo nilipoogopa, Dada. Nilikuwa sijaogopa kabla ya leo, nilikuwa najificha tu.

Niandikie jibu lolote litakalotoka. Wewe ndiye niambie, si karani. Na Mama asijue.

Mdogo wako,
Ratili

*

23 Aprili 1986

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata jana saa nne asubuhi. Nimeisoma nimesimama, sikukaa kama ulivyosema, na ningekaa tu.

Chupa haipo. Yatima asiyepata mwenyewe ndani ya wiki sita tunamchoma. Ndiyo sheria, na aliyeitunga ni mimi, baada ya lile tukio la yule mama. Wiki sita zilitimia Ijumaa, tarehe kumi na nane. Niliishusha mwenyewe kwenye rafu, mimi sikumtuma mtu. Nikasoma tena jina lako, nikasema basi, wenyewe hawaitaki, nikaipeleka kwenye tanuri pamoja na nyingine nne. Nilikuwa naimba, unajua ninavyoimba nikifanya kazi. Barua yako imechelewa siku nne.

Hukujua habari ya wiki sita, hakuna anayeijua ila sisi wa humu ndani. Lakini mimi nilikuwa na hospitali yenu, na umri wako, na jina lako, vyote vitatu mkononi, nikafanya mzaha. Nakuchukia leo kwa kunificha. Usiku mzima nimekuchukia. Asubuhi nimeamka nikakumbuka uliponiambia nimwangalie Mama vidonge, wakati wewe mwenyewe una bandeji shingoni, nikalia mpaka kwenye kituo cha basi.

Sasa sikiliza. Daktari wako akirudi mwambie achukue kipande kingine, upesi. Mimi nimekwenda kwa daktari msomaji wetu, anayevisoma vipande na kutoa majibu, nikamweleza yote, na ameniahidi chupa ikifika asubuhi, jioni ina jibu. Nitaikata mimi. Andika jina lako lote, usiandike la mtu mwingine tena maishani.

Mama hajui. Jana alinikuta na macho mekundu, nikamwambia ni ile dawa ya kuhifadhia nyama, inachoma macho, na kweli inachoma. Ameamini. Nina miaka hamsini na mbili na ni mara yangu ya kwanza kumdanganya Mama akaamini.

Dada yako

*

3 Mei 1986

Dada yangu,

Shikamoo. Anayeandika ni Mwalimu, mimi nasema. Mkuu wa shule amemruhusu baada ya kuambiwa kwamba asipomruhusu atakuja yeye mwenyewe kuniuguza. Mwalimu ameshanisamehe ile barua ya mstari mmoja, au anangoja nipone ndipo anipige.

Daktari amerudi. Alifungua barua yako mbele yangu akashika kichwa. Anasema njia ya kwanza hairudiwi, pale ndani pamefanya kovu, nyama imegandana na mishipa, akiingiza kidole atachana asichotaka. Kwa hiyo safari hii anapita pembeni mwa mfupa wa kifua, upande wa kushoto, kwenye ubavu wa pili. Na hanitii usingizi, kwa sababu uvimbe unakandamiza bomba la hewa, wakinilaza chali nikalala huenda nisiamke. Atanichoma ganzi, nitakaa nusu, niangalie dari. Ni tarehe nane.

Nimekusoma, Dada, na kuna jambo moja nataka tukubaliane. Umefanya kazi yako kama inavyotakiwa. Mimi miaka kumi na nane nimefunga maduka ya watu kwa sababu jiwe la mizani limepungua uzito wa shilingi, na sikuwahi kumsikiliza mtu akinilalamikia. Ungeisoma chupa ile kwa kubahatisha, ningekudharau. Aliyenyamaza wiki tatu ni mimi. Kosa ni langu, usinidhulumu.

Chupa utaijua. Nimemwandikia yule muuguzi lebo kwa mkono wangu, majina yote matatu, nikamwambia abandike bila kufikiri.

Mwalimu ametoka kuchukua maji, mistari hii naandika mimi. Naogopa, Dada. Nikimaliza hili nataka nije nikae huko mwezi mzima, Mama anigombeze vizuri. Unitafutie nauli ya maneno ya kumwambia.

Ratili

*

Simu ya maandishi, 9 Mei 1986

RATILI AMETUTOKA LEO ASUBUHI. TUNAWASUBIRI KUZIKA. MWANDAE MAMA. MWALIMU

*

20 Mei 1986

Wifi yangu,

Mlifika salama? Nyumba imekuwa kubwa tangu mlipoondoka. Mawe yake ya mizani ofisi wamekuja kuyachukua, nikawaomba waniachie lile dogo la ratili moja, wakasema ni mali ya serikali.

Tulikaa siku nne pamoja na sikuweza kukuuliza hili, watu walikuwa wengi na wewe ulikuwa hunitazami. Au mimi ndiye nilikuwa sikutazami. Nimekuandikia mara tatu nikachana.

Jina lilikuwa wazo langu. Yeye aliniuliza tu afanyeje, mimi ndiye nikamwambia jiandike jina la baba yangu. Barua yangu aliitunza, nimeikuta kwenye mfuko wa koti lake la kazi. Tulifanya hivyo kumlinda Mama, na Mama nimemwona kwa macho yangu akishuka kwenye treni baada ya siku mbili za kukaa, akatembea mpaka kaburini bila kushikwa, akaniuliza jambo moja tu: kwa nini hakuniambia? Tulimficha mtu mwenye nguvu kutushinda sisi sote.

Daktari wa kifua anasema alichukua kipande kizuri tarehe nane. Upasuaji ulienda vizuri, anasema, ni pumzi tu iliyokataa kurudi ilivyokuwa, akapambana mpaka asubuhi. Chupa ilishatumwa kwenu. Nimemwuliza jibu, amenijibu litatoka kwenu.

Basi nakuuliza wewe, na usinifiche. Ilikuwa nini? Na ile chupa ya kwanza ingesomwa Machi, angepona? Sili, wifi. Nikiwaza kurudi darasani naona watoto wote wananitazama kama wanajua. Kama ni mimi, nijue ni mimi.

Wifi yako

*

27 Mei 1986

Kwa Daktari wa Kifua,

Chupa uliyoituma imepokelewa tarehe 13 Mei, siku tulipokuwa bado huko kwenye matanga. Jina la kwenye chupa na la kwenye fomu yamelingana. Kwa utaratibu wetu kipande cha mtu aliyekwisha fariki hurudishwa bila kusomwa. Nimeomba kisomwe, nimekubaliwa, na nimekikata mwenyewe.

Jibu la daktari msomaji nimeliambatanisha. Ni saratani ya tezi, ya aina ile inayosikia dawa. Utaona mwishoni ameandika kwamba kwa hali uliyoieleza ya mwezi Februari, wagonjwa wengi wa aina hii hupona. Nilimwomba aiondoe sentensi hiyo. Amekataa, na ana haki, jibu ni jibu. Mimi ningemfanyia hivyo hivyo.

Yanayofuata si ya kazi. Wewe ulikuwa unalijua jina la uongo tangu mwanzo na ukalikubali, silisemi hili kukulaumu. Nakuomba jibu hili ulifungie kwenye faili na faili ulifungie kabatini. Mjane wake akija kukuuliza, mwambie daktari hasomi mambo ya maabara, amwulize wifi yake. Usimwongezee hata neno moja.

Fundi wa maabara,
dada wa marehemu

*

28 Mei 1986

Wifi yangu mpenzi,

Tulifika salama. Mama alilala siku nzima, alipoamka akaomba chai yenye sukari, nikampa, siku hizo sikuwa na nguvu za kuwa askari magereza.

Sikukutazama kwa sababu nilidhani ukinitazama utaniona mimi niliyeichoma chupa. Kumbe na wewe ulikuwa umejibeba na lako. Tungeongea siku ile ile tungepunguza.

Umeniuliza, nakujibu. Nimeikata mwenyewe, nimeitazama kwenye hadubini mwenyewe, na daktari msomaji ameitazama baada yangu. Ni saratani ya tezi, ya aina mbaya kabisa, ile isiyosikia dawa yoyote. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na tisa, wifi, naijua nikiiona. Ingesomwa Machi jibu lingekuwa lile lile. Ingesomwa siku ile ile aliyochanwa, jibu lingekuwa lile lile, tungempa dawa za kumtapisha na kumnyonyoa nywele, na Mei ingefika tukamzika hivyo hivyo, ila amekonda. Ile miezi aliyoipata ya kuongea upuuzi na kutucheka ilikuwa ni faida.

Kwa hiyo si jina la baba yako. Mzee wa watu mwache apumzike. Si yule muuguzi wala si wiki tatu za Ratili. Si mimi.

Kula, wifi. Anza na uji hata kama hauna ladha. Rudi darasani, watoto hawajui kitu, watoto huwa wanatazama tu. Muhula ukifungwa uje ukae huku, chumba cha mbele ni chako, na Mama ameshaanza kuuliza unapenda kulalia mto mmoja au miwili.

Yupo hapa kando yangu wakati naandika. Ameniuliza majibu ya mwanawe yanasemaje, nikaona nimsomee barua hii yote kama ilivyo, tangu mwanzo mpaka hapa. Amenitazama usoni. Halafu amesema, basi afadhali.

Wifi yako